Kimya cha Aliyeshuka

Kilichoninyima usingizi mwaka ule hakikuwa mapenzi wala kodi ya nyumba. Kilikuwa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia. Nililala chali chumbani Makongeni nikijiuliza kama kidole hicho kilibonyeza kitufe cha redio kabla sijatamka neno "nenda", au kama neno hilo lilizunguka ofisini likagonga mabati na kufia humo humo bila kumfikia mtu yeyote barabarani. Kama kilibonyeza, basi mimi ndiye niliyemtuma Opiyo. Kama hakikubonyeza, Opiyo alijituma mwenyewe, na kwa kujituma huko angepoteza kazi. Watu wengi wameniambia tangu wakati ule kwamba ninafikiri kupita kiasi. Ni kweli, na sitaomba radhi. Wako wanaofikiri kidogo, na mara nyingi sisi wenye kufikiri sana ndio tunaoitwa kufagia walipopita.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Madam Salome, aliyekuwa mwenye kampuni ya maji niliyoifanyia kazi mwaka ule mmoja. Malori ya maji yalipangwa nje ya kanisa, yameoshwa mpaka matairi. Mchungaji alimsifu marehemu kwamba alikuwa mwajiri aliyejua kuwasikiliza wafanyakazi wake. Opiyo, dereva wake wa zamani aliyekaa benchi la nyuma yangu, akakohoa, kisha akaninong'oneza sikioni kwa jina langu la redioni, "Besi, hiyo kusikiliza alifundishwa na nani?" Nikamwambia anyamaze, tuko kanisani. "Si ndio hiyo," akasema. "Tulimfundisha kwa kunyamaza." Mama mmoja mwenye kofia ya kitenge akageuka kututazama, nasi tukainamisha vichwa kama watoto. Nilikuwa nimelia asubuhi ile na nililia tena kaburini, maana nilimpenda Madam Salome. Lakini sikubaliani na mchungaji. Hakuzaliwa na masikio yale. Watu waliyapigania, na mimi nilikuwa mmoja wao, na naandika ili jambo hilo lisizikwe pamoja naye.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia na tabia ya kuangalia mlango kama umefungwa, kisha kurudi kuuangalia tena. Katika usaili Madam Salome aliniuliza swali moja tu: lori liko Donholm, linakwenda Kayole, barabara ya Outering imefungwa, litapita wapi? Nikampa njia kadhaa, na kwa kila njia nikamweleza kinachoweza kuharibika: soko linalomwagika barabarani, daraja linalojaa mvua ikinyesha, nyaya za stima zilizolegea juu ya uchochoro. Alicheka hadi akavua miwani. "Wewe msichana unaogopa kila kitu," akasema. "Sasa mtu kama wewe ndiye ninayemtaka kwenye redio." Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kuiona hofu yangu kuwa mali. Nadhani ndiyo sababu ilinichukua muda mrefu kumkatalia jambo lolote.

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati juu ya karakana yetu upande wa Majengo. Ulipanda kwa ngazi ya chuma iliyotetemeka, ukakuta meza, kiti chenye mto wa sponji uliopasuka, simu ya wateja, na redio yenyewe, kisanduku cheusi chenye maiki iliyoning'inia kwa waya wa kujikunja kama kamba ya mbuzi. Chini mafundi walikuwa wakigonga vyuma tangu asubuhi. Dirishani ziliingia kelele za wauza mitumba wa Gikomba na harufu ya grisi, na ifikapo mchana, harufu ya maharagwe ya Mama Adhis, aliyekuwa na kibanda kando ya geti. Madereva waliniita Besi, yaani kituo. Jina langu Nekesa walilitumia wakitaka kuniomba kitu.

Mtu ambaye hajafanya kazi na redio hufikiri ni simu ya kizamani. Sivyo. Kwenye simu unaongea na mmoja. Kwenye redio ukisema na mmoja umesema na wote. Anayebonyeza kitufe husema, anayekiachilia husikia, na hakuna awezaye kufanya yote mawili kwa pamoja. Na watu wawili wakibonyeza mara moja, wote wawili hupotea; wengine husikia mkwaruzo tu, kama sufuria inayoburutwa sakafuni, na kila mmoja wa wale wawili hubaki akiamini kwamba amesikika. Malori yetu yalipeleka maji katika mitaa ambayo mifereji ilikuwa imekauka, Umoja, Kayole, Dandora, na siku nzima hewa ilijaa sauti zao.

"Besi, Besi, Opiyo hapa. Kanjo wako Jogoo Road, wamejificha nyuma ya yule mama wa ndizi. Ova."

"Opiyo, yule mama ni mwembamba," Baba Njeri aliingilia. Ndiye aliyekuwa dereva mkongwe kuliko wote, mtu wa Murang'a, mwenye sauti kama ya mtu aliyeamshwa. "Kanjo watajifichaje nyuma yake?"

"Mzee, hao ni kanjo wa kabla ya mshahara. Wamekonda."

Hivyo ndivyo tulivyowakwepa askari wa jiji, foleni na mashimo. Lakini jambo la maana kuliko yote hewani lilikuwa wakati ambapo hakuna aliyesema kitu. Kabla sijaajiriwa, dereva mmoja alikuwa ameshuka garini kuunganisha mpira wa maji mahali fulani ambapo vijana waliokuwa wakiuza maji kwa mitungi hawakutaka lori lifike. Walimzingira. Alikimbilia maiki akaita, lakini wenzake wawili walikuwa wakibishana juu ya mpira wa miguu, na sauti yake ikapotea chini ya zao. Alipona, ila hakuendesha gari tena. Wale wawili hawakutajwa kamwe mbele yangu, na sikuuliza. Tangu siku hiyo madereva walijiwekea sheria ambayo hakuna bosi aliyeiandika. Ukifika kwa mteja unasema, "Nashuka," na mahali ulipo. Kuanzia hapo hakuna anayegusa kitufe, hata awe na habari nzuri kiasi gani. Unawekewa kimya. Ukimaliza kuunganisha mpira na kurudi kwenye usukani unasema, "Nimepanda," na maneno yanarudi. Ukichelewa, Besi anakuita. Usipoitika, aliye karibu nawe anaacha alichokuwa akifanya na kuja kukutazama.

Wiki zangu za kwanza kimya kile kilinitesa. Niliketi nikisikiliza mvumo mdogo wa redio nikiwaza madereva wote waliotawanyika mjini, kila mmoja ameshikilia ulimi kwa ajili ya mtu mmoja aliyeinama nyuma ya lori. Baadaye nilianza kukipenda. Hadi leo, nikiwa kwenye mikutano ya watu wenye suti wanaokatizana maneno, hukikumbuka.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeletewa chapati na maharagwe, nikawa nakula kwa mkono wa kushoto. Baba Njeri akasema, "Nashuka, Kayole, kwa yule mjane wa ploti ya kijani." Kimya. Nikamaliza chapati. Kimya bado. Nikamwita, hakuitika. Nikamwita tena. Simu ya wateja ikalia, nikaiinua kwa mkono mmoja ili tu isilie, maiki ikiwa katika mkono wa pili, mama mmoja ananiuliza maji yake yako wapi. Hapo Opiyo akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Besi, niko Umoja. Nimwendee?" Nami nikasema, "Nenda, Opiyo." Nakumbuka kusema. Nakumbuka mama yule kwenye simu akiuliza, "Niende wapi?" Kidole changu sikikumbuki.

Opiyo alichomoa mpira kutoka kwenye tangi la majumba ya bwana mmoja tajiri, mteja wetu mkubwa kuliko wote, akafunga valvu na kuondoka, tangi likiwa nusu na wapangaji wamepanga ndoo uani. Alimkuta Baba Njeri salama salimini, amepiga magoti kwenye kochi la yule mjane, macho amefumba. Mama alikuwa amemwomba aingie kidogo amshukuru Mungu kwa ajili ya maji, na alipoanza kuomba aliwaombea madereva, watoto wa madereva, matairi, serikali, na mvua. Baba Njeri alijitetea hivyo hivyo hadi siku tuliyomzika Madam: maombi ya mjane hayakatwi katikati. "Ningefanya nini? Nimshike mkono niseme Amina kabla yake?"

Madereva walicheka siku mbili. Yule mwenye majumba hakucheka. Aliwahamishia wengine kazi yake yote, na Madam Salome akapanda ngazi yetu polepole, akaketi juu ya kreti ya soda na kusema ya kuwa hakuwa na hasira, jambo lililonitisha zaidi. Alisema alikuwa na magari yenye mkopo na familia nyingi zilizokula kupitia magari hayo. Dereva hawezi kumwacha mteja katikati kwa sababu mwenzake anasali. Alitaka kujua jambo moja, na alitaka jibu Ijumaa: nani aliyemtuma Opiyo. Kama ni Besi, Besi ndiye wa kujibu. Kama alijiendea, aende moja kwa moja nyumbani.

Nilishuka kwa Mama Adhis nikamkuta Opiyo anakula, viatu vyake vya akala, vile vya matairi kutoka soko la Kariokor, amevivua na kuviweka benchini kana kwamba navyo ni wateja.

"Niaje, Besi. Kaa. Hivyo viatu vitasonga."

"Umemwambia nini Madam?"

"Ukweli. Sikusikia mtu. Niliona mzee amekawia, nikaenda."

"Opiyo, nilikwambia uende."

"Labda uliniambia moyoni." Akamega chapati. "Mama Adhis, huyu msichana ameniambia kitu moyoni, umesikia?"

"Mwoe basi," akasema Mama Adhis bila kugeuka kutoka jikoni.

"Nakuuliza kwa kweli. Ulinisikia au hukunisikia?"

Aliacha kutafuna. "Nekesa, skiza. Mimi nikifutwa hapa, kesho niko kwa lori la mchanga. Wewe ukifutwa watatuletea mtu wa kupiga kelele hewani siku nzima, na siku moja msee atashuka mahali na hatarudi. Sasa unataka nikujibu nini?"

"Unataka kunilinda."

"Nataka kula."

Niliwauliza wengine. Wote waliokuwa hewani wakati ule walisema kwa maneno yale yale kwamba hawakusikia kitu, na kwa sababu maneno yalikuwa yale yale nilijua walikuwa wamekubaliana, lakini kukubaliana si kudanganya. Watu wanaweza kukubaliana kusema ukweli. Niliporudi chumbani nilimweleza Mwende, msichana niliyekuwa nikiishi naye, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo. Alikuwa anasonga ugali. Nikashika kijiko kama maiki, nikarudia tukio zima, simu katika mkono huu, kijiko katika mkono ule, nione kidole changu kinafanya nini chenyewe. Mara kilibonyeza, mara hakikubonyeza. Mwende alinitazama nikifanya hivyo hadi ugali ukawa tayari.

"Hebu niulize," akasema. "Ukimwambia Madam kwamba ulimtuma, unaogopa nini? Kudanganya, au kufutwa?"

"Vyote."

"Kimoja ni kikubwa. Kula, kisha unijibu."

Nilikula nikijua jibu, na jibu liliniudhi. Nilikuwa nimejitungia kesi nzima juu ya ukweli na kidole, kesi nzuri ya kisomi, ili nisitazame jambo moja dogo: kwamba nilikuwa nimetafuta kazi muda mrefu na sikutaka kurudi kutafuta. Shaka ilikuwa mahali pazuri pa kujificha. Mradi sijui kama nilisikika, sikulazimika kusema lolote. Bado nina shaka za namna hiyo, na siku hizi nikizishika huziuliza kwanza zinamficha nani.

Ijumaa Madam Salome alikuja na mandazi kwenye mfuko wa karatasi. Alimimina chai mwenyewe, akanipa kikombe changu.

"Nimewauliza wote," akasema. "Hakuna aliyekusikia. Opiyo mwenyewe amekiri. Kwa hivyo wewe huna kesi, mwanangu."

"Nilimtuma, Madam."

"Una hakika ulisikika?"

"Sina."

"Basi hukumtuma."

"Nilitaka aende. Akiniuliza tena leo nitamwambia aende. Ukimfuta, utakuwa umemfuta kwa kufanya nilichotaka mimi."

"Umesoma, lakini hukufundishwa kujiokoa," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Unajua nimepoteza nini wiki hii? Kwa sababu ya maombi?"

"Najua. Na ungepoteza nini kama hayangekuwa maombi?"

Akaweka kikombe chini. "Haya. Shika hiyo maiki uwaambie wote sasa hivi. Kuanzia leo hakuna kimya kwenye redio. Redio ni ya kazi. Hakuna mtu kuacha mteja bila ruhusa yangu mimi. Na Opiyo arudishe funguo jioni."

Nikaishika. Nilikuwa bado natafuta maneno wakati sauti ya Musyoka ilipoingia. Musyoka alikuwa dereva mpya, mwenye aibu, aliyezungumza redioni kana kwamba yuko mbele ya wakwe. "Besi, nashuka. Dandora, hapa kwa wenye mitungi."

"Sawa, Musyoka," nikasema. Redio ikabaki na mvumo wake tu.

"Ongea," akasema Madam.

"Kuna mtu ameshuka."

"Nimesikia. Ongea, Nekesa. Hata dakika moja haitapita."

Simu ya wateja ikaanza kulia. Alitaraji niipokee; nikaiacha. Akainyoosha mikono yote miwili, mmoja kwa simu na mwingine kwa maiki. Simu aliipata. Maiki niliivuta hadi mapajani, waya ukanyooka, nikaifunika kwa viganja viwili. Nilikuwa naogopa. Nasema hivyo ili mtu asifikiri kwamba kukaidi ni kazi ya watu wasioogopa.

"Nipe hiyo kitu."

"Sikupi, Madam. Akipanda, nitakupa."

"Unajua hii ni kampuni ya nani?"

"Najua. Na aliye chini kule Dandora ni wa nani?"

Akakata simu bila kumsemesha mteja. Akasimama juu yangu, naye akaanza kusikiliza. Sidhani kama alikuwa amewahi kuketi ndani ya kimya kile. Alikuwa amekisikia tu kikisimuliwa kama uvivu. Chini fundi aligonga chuma, akaacha. Madam akaitazama redio, kisha akanitazama, kisha akaitazama tena redio, na nikaona akipumua kifupi kifupi, kama ninavyopumua mimi. Ndipo Musyoka akasema, polepole kama kawaida yake, "Besi, nimepanda. Wako sawa hapa."

Nikaitoa maiki mapajani. Madam akanyoosha mkono apewe alichoahidiwa.

"Neno moja kwanza," nikasema, nikabonyeza. "Besi kwa magari yote. Opiyo alienda Kayole kwa amri yangu. Mtu akishuka leo, mwekeeni kimya kama siku zote. Akichelewa, aliye karibu aende, na akiulizwa katumwa na nani, ataje jina langu. Ova."

Kisha nikampa Madam Salome maiki, kama nilivyosema nitampa. Nikamwambia kwamba kama ni kunifuta, naomba anifute jioni malori yakisharudi yote, na kama anataka kuwatangazia sheria yake, asubiri kidogo, kwa sababu kwa ratiba yangu Baba Njeri alikuwa tayari amekata kona kuingia kwa mteja na angeshuka wakati wowote. Akaivuta kreti ya soda, akaketi, maiki mapajani, akasubiri.